Friji Haijapumzika

Jumamosi, tarehe sita, saa mbili na robo asubuhi, mlango wa friza ulikataa kufungwa. Mzee Sindano, fundi cherehani, aliusukuma kwa kiganja, ukarudi polepole. Barafu ilikuwa imejaa mpaka mdomoni, nyeupe, yenye manyoya, na nyuma kabisa ilionekana pembe moja tu ya trei ya kijani. Trei hiyo ilikuwa na vipande sita vya maji ya ndimu. Mkewe alizikamua ndimu hizo siku nne kabla ya kufariki, akayagandisha maji yake, na huu ulikuwa mwezi wa tano Sindano hajathubutu kugusa hata kipande kimoja. Sakafuni maji yalikuwa yameanza kutambaa kuelekea mlangoni. Alichukua mkasi wake wa kukatia vitambaa, akasimama mbele ya barafu, akaogopa. Akautia mfukoni, akaenda kijiweni kutafuta akili za wenzake.

Kijiwe chao ni benchi moja la mbao mkabala na zahanati, mguu mmoja umetiwa kigae ili lisiyumbe. Muuza kahawa huketi upande wa kivuli na birika lake. Profesa alikuwepo, huyo alikuwa bawabu wa shule, akapewa jina hilo kwa kuifungulia elimu geti miaka thelathini. Betri naye alikuwepo, fundi wa redio, mtu asiyekiri kwamba kuna chombo asichokijua.

Sindano alieleza taratibu, kama anavyoeleza kila kitu. Friji imejaa barafu, inavuja, haifungi, trei ya mkewe imekwama; mkasi anao mfukoni ila anaogopa. Kisha akaongeza jambo ambalo kwake ndilo lilikuwa kubwa.

— Tangu marehemu aondoke, haijapumzika hata mara moja.

Wenzake walitikisa vichwa. Wote walilijua neno hilo. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi Sindano alikuwa akirudi nyumbani saa sita, akiomba maji baridi, na mkewe akimjibu kwamba leo friji inapumzika. Kwa Profesa ni vivyo hivyo, ila yao hupumzika Jumatano.

— Umeisifu mno hiyo friji, — Profesa alisema. — Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Sasa si unaona inatia maji sakafuni?

— Mgema ni mtu, — Betri alimkatiza. — Hii ni mashine. Ndani yake mna saa ndogo. Ikifika siku yake inajizima, inashusha barafu, inajiwasha. Yako saa imekufa.

— Umewahi kuiona hiyo saa?

— Na wewe moyo wako umewahi kuuona?

Hapo Profesa alikunywa kahawa yake na kufikiri. Alipozungumza tena alikuwa amekwenda mbali zaidi. Alidai chombo kilichokaa na mtu miaka ishirini na mbili humzoea. Friji ile imefiwa, alisema, na aliyefiwa hapati usingizi. Dawa yake ni kuisemesha kwa upole, iambiwe kwamba yaliyopita yamepita. Betri alicheka, lakini hakuwa na hakika, maana aliuliza iwapo kuna sauti maalumu ya kutumia.

Sindano alitazama viatu vyake.

— Nimeshaiambia, — alisema. — Juzi, baada ya sala. Nimeiambia, pumzika, mama.

Hakuna aliyemtania. Muuza kahawa alimwongezea kikombe bila kuombwa.

Basi Betri akaona heri waache maneno, washike vitendo. Apewe huo mkasi, alisema, aichokoe barafu mpaka trei itoke. Sindano alikuwa ameshautoa mfukoni pale mwanamke wa makamo mwenye aproni ya buluu alipovuka kutoka zahanati. Ni msafishaji mpya, wiki ya kwanza kazini, na alikuwa amekuja kununua kahawa tu. Alikuwa amemsikia Betri, akautazama mkasi.

— Samahani, wazee wangu. Mnataka kuchokoa friza kwa chuma?

— Kidogo tu, — Betri alisema.

— Nyuma ya barafu mna bomba la gesi, baba. Ukilitoboa, umeiua. — Akamgeukia Sindano. — Kwani nani huwa anaichomoa?

— Haichomolewi, dada. Inapumzika yenyewe. Ila imeacha.

Mwanamke yule alitaka kucheka. Alipoona nyuso za watu watatu wazima zimemkodolea macho kama watoto wanaosubiri hesabu isahihishwe, hakucheka. Aliketi pembeni ya benchi. Akawaeleza kwamba friji inayojaa barafu hivyo haijipumzishi. Kuna mtu anachomoa plagi, anatoa vyakula vyote, anavifunga kwa taulo visiyeyuke. Anaweka bakuli la maji moto ndani, anasubiri. Anakinga maji kwa matambara, anayakamua, anayarudisha. Anafuta kila rafu kwa sabuni kidogo, anapitisha kitambaa kwenye mikunjo ya mpira wa mlango, anakausha, ndipo anaiwasha. Ni kazi ya asubuhi nzima.

Sindano alisikiliza, na huku anasikiliza akaanza kuona. Matambara mabichi kwenye kamba, kila Jumamosi ya kwanza. Vidole vya mkewe vyekundu, vimevimba kwa baridi, akimpokea kofia mlangoni. Na yeye mwenyewe siku moja, amekasirika kwa kukosa maji baridi, akisema friji hii inapumzika kuliko mimi ninayeinunulia umeme. Mkewe alicheka siku hiyo. Alicheka, akaenda kumchotea maji ya mtungini.

— Alikuwa mke wangu, — alisema. — Yeye ndiye alikuwa akisema inapumzika.

Mwanamke alizungusha kikombe mkononi.

— Friji ikipumzika hivyo kila mwezi, — aliuliza, — mwenyewe alikuwa akipumzika lini?

Profesa aliinuka akasema anakwenda nyumbani mara moja, ingawa haikuwa Jumatano. Muuza kahawa aliinamisha birika. Yaliyotoka yalikuwa masimbi tu, machicha ya kahawa.

Sindano alirudi kwake, akachomoa plagi. Ukimya ulioingia jikoni hakuwahi kuusikia. Aliweka bakuli la maji moto, akatandika matambara, akapiga magoti. Kazi ilimchukua mpaka adhuhuri, na vidole vikawa vyekundu. Alipokuwa akifuta mikunjo ya mpira, trei ya kijani ilijiachia yenyewe, ikateleza hadi mikononi mwake. Vipande vilikuwa vimeanza kulainika. Alivifunga vitano kwenye taulo. Cha sita alikitia katika glasi ya maji, akanywa akiwa amekaa sakafuni, polepole, mpaka ukali wa ndimu ukamtoa machozi.

Ewe Mola, mja wako huyu alivipumzisha vyote vilivyokuwa chini ya mkono wake, na mimi sikuona. Msamehe, nisamehe. Mpumzishe. Amina.