Mtu wa Kambi Ipi

Benchi liko ng'ambo ya geti la manispaa, ubavuni mwa kibanda cha kinyozi, na siku hizi Bwana Afya hulikalia kuliko kiti chake cha ofisini. Zamani alikuwa hakamatiki. Kukicha yuko machinjioni, mchana mitaroni, na wenye migahawa wakimwona kwa mbali wanaanza kufunikafunika vyakula. Kilichomponza ni lifti. Siku moja ya mvua naibu mkurugenzi, anayesemekana hapikiki chungu kimoja na mkurugenzi wake, alimsimamishia gari, naye akapanda, maana alikuwa amelowa chapachapa. Kesho yake watu wa mkurugenzi wakaacha kuitikia salamu zake, na gari la ukaguzi likawa bovu kila alipoliomba. Akakimbilia kwa watu wa naibu. Nao wakaona ametumwa kuwapeleleza. Basi asubuhi anasaini, anavuka barabara, anaagiza kahawa.

Siku hiyo kesi yake ilikuwa inasikilizwa tena pale benchini. Kinyozi, ambaye huwanyoa wa pande zote mbili, alishikilia kwamba dawa ni kupanda na gari la mkurugenzi pia, ili mambo yalingane. Redio, dereva mstaafu wa manispaa ambaye habari humfikia kabla hazijatokea, akasema lifti ya pili itamfanya adui wa pande zote mbili. Kinyozi akamkumbusha kwamba hapo ndipo alipo tayari. Redio akapiga funda la kahawa, akasogea karibu.

— Nikwambie kitu, Bwana Afya. Wale wawili hawana ugomvi.

— Hawana?

— Hata chembe. Nimewaendesha mimi. Kiti cha nyuma ni vicheko mwanzo mwisho. Sasa wakipatana hadharani, si watu wataanza kuwauliza habari za kazi?

Kinyozi hakukubali kupitwa. Akashusha sauti, akasema mle ndani kuna kambi ya tatu, ya siri, ya watu wanaofanya kazi, na kambi zote mbili zinaisaka usiku na mchana. Muuza kahawa akacheka hadi akamwaga. Bwana Afya alicheka pia, lakini kicheko hakikushuka moyoni. Wiki iliyopita alipita penye mtaro uliofurika, akauruka, akaendelea na safari yake. Alipofika nyumbani ndipo aliposhtuka kwamba hakuwa hata amesimama. Hilo lilimuuma kuliko salamu zisizoitikiwa.

Wakiwa katika hali hiyo akatoka mwanamke getini, jasho likimtiririka, akawasalimia, akaomba maji ya kunywa. Alikuwa mlezi wa shule ya chekechea nyuma ya soko. Bomba la maji machafu lilikuwa limepasuka kando ya tangi lao, na watoto walikuwa wanaharisha. Ofisi ya mkurugenzi ilikuwa imemwelekeza kwa naibu. Kwa naibu akaulizwa katumwa na nani.

— Nikasema nimetumwa na watoto. Wakaniambia nirudi nilikotoka. Sasa ninyi ndugu zangu mnaokaa hapa, naomba mnisaidie: mle ndani, nani kazi yake ni kuja kuangalia?

Redio akachungulia ndani ya kikombe chake. Kinyozi akaingia kibandani kutafuta kitana. Bwana Afya alijua kwamba akienda bila ruhusa, kesho ataulizwa amekwenda kwa niaba ya nani, na jibu lolote litamkaanga.

— Ni mbali kwa miguu? akauliza.

— Hapo tu, baba. Nyuma ya soko.

— Twende.

Wakaondoka. Mchana huo alilifunga tangi, akawasimamia mafundi mpaka bomba likazibwa, na watoto waliozidiwa akawapeleka zahanati yeye mwenyewe. Lakini wenzake wa benchini hawakuyaona hayo. Hata Bwana Afya na mlezi hawajakata kona, Kinyozi alishatoka na kitana chake mkononi, akitaka kujua yule mama ni wa kambi ipi.

— Wa mkurugenzi yule, alisema Redio bila kusita. Hukuona alivyomwita baba? Watu wa naibu hawana adabu hiyo.