Sekunde Saba za Bibi Taratibu

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika chumba cha video cha shule yetu ya viziwi, Bibi Taratibu anastaafu tarehe 30 Juni. Jina hilo alipewa na wanafunzi. Kila aliyeshika diski kwa vidole vyenye mafuta aliiona mikono yake ikipaza sauti: "Taratibu!"

Alianza kama mpiga chapa, akajifunza kamera kwa kuazima kitabu cha maelekezo ambacho maktaba inakisubiri hadi leo. Masomo yote ya lugha ya alama aliyarekodi yeye. Diski, alitufundisha, hufutwa kutoka katikati kwenda ukingoni, si kwa kuzungusha kitambaa. Mwalimu mkuu mmoja aliwahi kufuta yake kwa tai, akatolewa nje mchana kweupe.

Ukali huo una chanzo. Katika mwaka wake wa tisa, uongozi ulitaka diski zipungue, naye akazibana video mno ili masomo sita yaenee kwenye diski moja. Video iliyobanwa hivyo huwa na picha kamili chache. Zinazofuata hueleza tu kilichobadilika. Mkwaruzo ukiharibu picha kamili moja, sekunde kadhaa zinakwenda nayo. Kwenye diski mojawapo aliweka pia ujumbe ambao mama wa binti mmoja, mwanafunzi wetu, aliuacha kabla ya kufariki. Mkwaruzo mwembamba ukala sekunde saba, pale pale mama alipokuwa akimuaga mwanawe. Kanda ya awali ilikuwa imeshafutwa.

Hakumsingizia mtu. Alimwita binti yule wa miaka kumi akamwambia kwa alama, "Mimi ndiye niliyebana. Nisamehe." Binti alilia sana, kisha akaomba kamera iwashwe. Ujumbe ule alikuwa ameutazama mpaka ukamkaa mikononi, akazionyesha zile sekunde saba, alama kwa alama.

Tangu hapo ikawa somo moja diski moja, picha kamili kila nusu sekunde, ukingo wa nje mtupu maana ndiko vidole hushika, na nakala ya pili kabatini. Masomo 412 aliyarudia kwa miaka minne. Mikwaruzo haijaisha, ila sasa picha hukatika kidogo tu na somo likaendelea.

Binti yule ndiye mimi ninayeandika haya. Bibi, umenipa pole kila mwaka, inatosha. Tunakushukuru sote, na tunakuombea siku nyingi zenye afya na furaha. Nenda ukijua kwamba kila asubuhi nikitoka kuja kazini, mwanangu huniaga kwa alama zile zile za mama yangu.