Silvano Paskali, Mkaguzi Aliyeliandika Jina la Bibi Yake

Sogeeni karibu jamani, mlioko jikoni acheni masufuria kidogo, na nyie vijana wa kaburini pumzisheni majembe, tunyamaze. Maneno haya ni yangu mimi Jenoveva, bibi yake marehemu, sikusoma, nimemtamkia Yusta, dada yake Silvano, akaandika, naye ndiye anayewasomea.

Silvano alizaliwa hapa kijijini, juu ya Shume, tarehe 3 Agosti 1988, mama yake akafariki yeye ana miaka minne, nikamlea mimi, mtoto wa maswali, hata maharage alikuwa ananiuliza, "Bibi, mbona jana lilikuwa debe zima?"

Alisoma shule ya msingi hapahapa, 1996 hadi 2002, sekondari Lushoto hadi 2009, kisha chuo cha uhasibu, akahitimu 2012, na tarehe 1 Julai 2014 akaajiriwa halmashauri kuwa mkaguzi wa ndani, kazi ya kwenda kutazama kama kilichoandikwa kwenye karatasi kipo kweli, gari likikwama njia ya Mtae anamalizia kwa miguu. Alifunga ndoa na Rehema tarehe 26 Novemba 2016, wakajaliwa mtoto mmoja, Angel, mwaka 2018.

Mwaka 2022 kijiji kilikuwa kinajenga wodi ya wazazi, nikawekwa kamati ya mapokezi ya vifaa, yakaja mabati themanini, kijana wa stoo akasema, "Bibi, weka tu dole gumba hapa pa mia mbili, gari lingine liko Mombo linapanda," nikaweka, na gari hilo halijapanda mpaka leo, wodi haina paa, akina mama wanabebwa kwa machela kushuka Lushoto, wawili wakafia njiani.

Oktoba 2023 Silvano akaja kukagua, akahesabu mabati, akafungua makaratasi, akakuta dole langu. Alikuja jikoni, akauacha uji mpaka ukapoa, akasema, "Bibi, nikiliruka jina lako, itabidi niyaruke na majina ya wengine wote waliotia saini," nikamwambia, "Andika, baba," akaandika. Tangu siku hiyo akimwamkia Tobia, baba yake mdogo, shikamoo haiitikiwi, "Anayempeleka bibi yake kizimbani mimi simjui," na wazee wengine wakafuata, kanisani, sokoni, mpaka anaugua.

Figo zilianza kumsumbua Machi 2024, akawa anapelekwa Tanga kusafishwa damu mara mbili kwa wiki, na tarehe 11 Mei 2025, saa nne asubuhi, akafariki.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliochanga nauli, na wafanyakazi wenzake wawili waliopanda mpaka hapa, wengine tumeambiwa wana kikao.

Rehema amerithi nyumba na shamba la karoti, Angel futi kamba ya baba yake, Tobia koti la baridi, marehemu mwenyewe alisema apewe. Mimi nimeachiwa barua ya wito, tarehe 2 Juni nashuka kujibu mbele ya kamati ya halmashauri, na nitasema niliyopokea ni themanini. Lala kwa utulivu, mjukuu wangu, hilo niachie mimi.