Mgema Aliyechonga Ngazi Kwenye Mtende

Mwaka wa elfu mbili na tatu, nikiwa na miaka arobaini na mmoja, nilianguka kutoka juu ya mnazi. Sisemi kwa mfano, kama wahubiri wanavyosema mtu ameanguka. Nilianguka kweli, mgongo chini, kotama, kile kisu cha kugemea, bado nimeishika mkononi.

Mwenyekiti wa jumuiya yetu ya hapa Dubai ameniomba niseme kwa kifupi. Nimemwambia mtu aliyekaa Dubai miaka yangu hii hana cha kifupi. Shule niliishia darasa la tatu. Haya ninayowasomea nimeyaandika mwenyewe, na anayetaka kuucheka mwandiko wangu ateremke kwanza aione pikapu niliyoegesha hapo chini.

Naona kuna nyuso zimeshakunjwa. Masheikh wako mbele, walokole wako nyuma, na mimi nimesimama katikati nataka kutaja tembo, pombe ya mnazi. Nitalitaja, ndugu zangu, kwa sababu ndilo lililonilea. Kwetu, pande za Kilifi, kila nyumba yenye minazi ilikuwa na tembo lake, na kila tembo lilikuwa na ladha ya nyumba yake. Mnywaji mzoefu ukimfunga macho alikuwa anakwambia hili la kwa nani. Wale wa karibu na maji ya chumvi, lao lilikuwa na ukali wa mwishoni. Letu lilikuwa tamu, halafu linakukumbusha baadaye kwamba si maji. Hakukuwa na kiwanda. Baba anapanda, mama anachuja, sisi watoto tunaosha vibuyu. Wateja wanakaa kwenye kibanda cha makuti nyuma ya nyumba, kila mmoja na mrija wake, wanazungumza habari za mahari na mashamba. Minazi aliipanda babu. Baba aliigema, nami nikaigema, nikaoa, nikazaa, nikajenga, kwa hiyo hiyo.

Sasa wale mliozaliwa mjini nisikilizeni nisiwapoteze. Mnazi wa kugema ni kama ng'ombe wa maziwa. Kuna ile karara changa, ganda la maua ya mnazi, haijafunguka bado. Unaifunga, unaikata ncha kidogo tu, kipande chembamba kama ukucha, utomvu unadondokea kwenye kibuyu. Asubuhi unapanda, jioni unapanda. Ukiacha kwenda, inakauka, na mti umekufungia mlango. Na unapanda kwa vidato, yaani ngazi iliyochongwa kwenye shina lenyewe, hatua moja moja mpaka juu.

Siku ile mvua ilikuwa imenyesha alfajiri na vidato vilikuwa na utelezi. Mke wangu alisema ningoje jua. Nikamwambia tembo halingoji jua. Hayo ndiyo maneno yangu ya mwisho nikiwa na miguu miwili inayolingana.

Nyonga ilivunjika. Nilikaa hospitali nimefungwa uzito mguuni mpaka nikasahau kulala ubavu, na nilipotoka, mguu wa kulia ulikuwa mfupi kuliko wa kushoto. Vidato vya minazi yetu vilichongwa kwa hatua ya babu, na babu alikuwa mrefu. Mguu wangu haukuvifikia. Nilijaribu, nikabaki nimening'inia kwenye kidato cha pili kama nguo, mke wangu akaja kuniteremsha.

Kwetu kuna desturi, mgema akiumia mwenzake humgemea. Tembo la asubuhi la mwenye mti, la jioni la aliyepanda. Jirani yangu alinifanyia hivyo, na Mungu amlipe. Lakini naye alikuwa na minazi yake, na mtu ana miguu miwili tu. Akachoka, simlaumu. Minazi ikafunga milango mmoja baada ya mwingine, na kwenye kibanda wakabaki kuku.

Hapo ndipo alipokuja kaka yangu mkubwa. Alisema minazi ya babu ni yetu sote, nazi hazina bei, na mnazi usiogemwa ni mbao. Alikuja na mtu mwenye msumeno wa mashine. Mimi nilikuwa na magongo, ningefanya nini? Mke wangu alibeba mbuzi yake ya kukunia nazi, akaenda akaketi chini ya mnazi wa kwanza, akaanza kukuna.

"Shemeji," alimwambia, "ukianza, anza na huu. Mimi nipo hapa."

Kaka akaondoka na msumeno wake. Lakini sote tulijua atarudi. Nikamfuata, nikamwambia nimepata nafasi Dubai, ya kumwagilia bustani, anipe mpaka likizo yangu ya kwanza. Nikirudi sina njia ya kuigema ile minazi, aikate. Akakubali. Akaapa kwamba baada ya hapo hatasikiliza kilio cha mtu, na kaka yangu akiapa hujirudi kwa shida.

Nilipopimwa afya nilisimamia ncha ya vidole vya mguu mfupi, nikawa sawa na wengine. Nikafika. Tulilazwa Al Quoz, chumba kimoja vitanda vya juu kwa juu, basi la kampuni linakuchukua kukiwa bado kijivu. Kazi yangu ilikuwa kushika mpira wa maji. Ninyi mnaofanya kazi hotelini mnalalamika sana. Shikeni mpira wa maji mwezi wa saba kwenye jua la hapa, kisha mje tuzungumze.

Siku moja tulipelekwa nyumba ya madam mmoja, ua wote umejaa mitende. Wapandaji wa kampuni walikuwa hawapo, na makuti makavu yalikuwa yananing'inia. Msimamizi akauliza nani anaweza kupanda, yalla, haraka, asimpotezee wakati. Nikainua mkono. Mjukuu wa mgema nitaogopa mti wa kimo cha nyumba? Mpandaji alikuwa analipwa zaidi, kweli, lakini nilichotaka mimi ni kujua kama bado naweza. Likizo ilikuwa inakaribia na sikuwa na jibu la kumpa kaka.

Mtende mkubwa kuliko yote ulikuwa mzee, shina lake limelainika chini, hakuna pa kuweka mguu. Nikaona nimepata akili. Nikajiambia, vidato vya babu vilinishinda kwa sababu vilikuwa vya hatua ya babu. Hapa nitachonga vya hatua yangu, kulia karibu, kushoto mbali. Nikachukua panga. Nawaambia nilikuwa nachonga huku napiga mluzi. Nilichonga vizuri, safi, kama baba alivyonifundisha, nikapanda cha kwanza, cha pili, cha tatu.

Madam akatoka. Hakupiga kelele, na ingekuwa afadhali angepiga. Alikwenda akaweka kiganja chake juu ya kidato cha chini, kama mama anavyofunika kidonda cha mtoto. Akasema mti ule aliupanda baba yake.

Msimamizi alikuwa ameshika kichwa. "Khalas, imekwisha," akaniambia, "wewe kwenu. Wiki hii hii."

Ndugu zangu, wengine mmewahi kufutiwa viza, mnajua habari hiyo. Mimi sikuona ndege wala uwanja wa ndege. Niliona minazi ya babu imelazwa chini, imepasuliwa, imepangwa kama mbao za kuuza.

Madam akamwita mzee aliyekuwa akiitunza mitende hiyo tangu siku za baba yake. Alikuja peku, kanzu ameikunja, kamba begani. Akavitazama vidato. Akanitazama mimi. Halafu akafungua mdomo, kikatoka Kiswahili cha Unguja, kitamu kama halua.

"Kumradhi bwana, wewe umetokea wapi?"

Kumbe alizaliwa huko, akaondoka kijana. Nikamjibu nimetoka Kilifi, mimi ni mgema. Alicheka mpaka akaegemea shina.

"Mgema! Basi ndio maana. Hata kwetu mnazi twauchonga. Lakini huu si mnazi, bwana wee. Kidonda hichi ukikiacha wazi, litaingia dudu lake, liule mti kwa ndani, na wewe hutajua mpaka uanguke." Akaangalia chini. "Na mguu huo?"

Tangu nifike, hakuna aliyeniuliza habari za ule mguu, nilivyoujulia kuuficha. Nikataka kumdanganya, nikaona haina faida, mtu mwenyewe naondoka.

"Nilianguka," nikasema.

"Ukapanda tena tangu siku hiyo?"

"Nilijaribu nikashindwa. Leo ndiyo mara ya kwanza."

Hakucheka tena. Alimgeukia madam, wakazungumza Kiarabu kirefu, mimi nikabaki na panga langu kama mwizi aliyekamatwa na alichoiba. Baadaye aliniambia alichosema. Alisema mtu aliyeanguka akapanda tena harudishwi kwao, hufunzwa. Madam akakubali kwa masharti yake. Vidonda vile nivizibe na kuviuguza mimi mwenyewe mpaka vikauke. Na nisiguse mtende mwingine mpaka mzee aseme. Msimamizi alinuna, lakini mteja akishasema, kampuni hufunga mdomo.

Basi mzee akanifunza kamba. Wanaiita habuli. Ni kamba nene, na pale inapokaa mgongoni imesukwa pana kama mkanda wa punda. Inazunguka shina, inakuzunguka wewe. Unarudi nyuma, kamba inakaza, miguu inasukuma shina, unairusha kamba juu kidogo, unapanda. Ukisikia hivi ni rahisi.

"Egemea," akaniambia.

Sikuegemea. Mimi niliyeanguka mgongo chini, unaniambia nilale nyuma hewani? Nililikumbatia lile shina, jasho linanitoka mpaka kwenye masikio. Mzee alikaa chini, akavua kofia, akaniacha. Hata hakunibembeleza.

"Umelishika shina," akasema mwishowe, "na shina halikushiki. Kamba ndiyo inayokushika. Wacha mikono."

Nikaacha mmoja. Nikasubiri kuanguka. Sikuanguka. Nikaacha wa pili.

Ndugu zangu, sina maneno ya shule ya kulieleza hilo. Nililala nyuma juu ya ile kamba, na hofu niliyoibeba kutoka Kilifi ikanitoka kama mtu anavyotua gunia. Kamba haikuuliza mguu gani mrefu. Nikapanda mpaka kileleni, na huko juu nikaanza kucheka peke yangu.

"Kulikoni huko?" mzee akauliza.

"Mikono yangu yote miwili mitupu, mzee."

"Basi itie kazini. Makuti hayajikati."

Likizo ilipofika nilibeba kamba, mzee alinisukia mwenyewe. Kaka alikuja asubuhi yake, mwenye msumeno nyuma yake, na nusu ya kijiji nyuma yao. Nilipojifunga walicheka sana. Mmoja akasema mgema wa Dubai amerudi, na amejifunga mwenyewe kama punda, amebakisha mkokoteni. Mke wangu alileta mbuzi yake, akaketi pale pale, akaanza kukuna nazi. Hakunitazama. Najua kwa nini hakunitazama.

Nilipanda. Pale kidato cha babu kilipokuwa mbali, kamba ilinisubiri nikakifikia. Nikafika juu, nikaifunga karara, nikaikata ukucha wa kwanza. Yule aliyeniita punda akaniuliza kama kamba hiyo ni ngumu kusuka.

Tembo halitoki siku hiyo hiyo. Kaka anajua, naye ni mtoto wa mgema. Alimwambia mwenye msumeno akae, na yeye akakaa. Nikapanda asubuhi, nikapanda jioni, karara inanitazama tu, kavu, na kaka ananitazama vile vile. Siku ziliisha kama kucha za kukata. Kisha asubuhi moja nikatia mkono kwenye kibuyu, ukatoka umelowa.

Mke wangu alichuja kile kidogo akampa kaka kwanza. Kaka akavuta mrija. Akavuta tena, polepole, hata nikadhani limeharibika.

"La babu," akasema.

Akamlipa mwenye msumeno nauli, akamwambia aende. Halafu, bila kunitazama usoni, akauliza kama ile kamba ingemtosha na yeye, kwa kuwa umri nao umemfanya auogope mti.

Leo yeye ndiye anayegema. Linalobaki bila kunywewa mke wangu analiacha ligeuke siki, anatia kwenye chupa, na wapishi wa Kifilipino kule Al Barsha wananisubiri nikitoka likizo. Masheikh, msinikunjie uso, siki mnaila. Nimewaona.

Namshukuru mke wangu, aliyekuna nazi mchana kutwa bila kuwa na wali wa kupika. Namshukuru jirani yangu wa tembo la jioni, na kaka aliyekaa akangoja. Namshukuru madam, ambaye mpaka leo nikienda kwake hunipitisha kwanza pale penye makovu ya mti, tukayatazama pamoja, kisha ndiyo kahawa. Na namshukuru mzee yule. Ametangulia. Nilikuwa miongoni mwa walioshika jeneza, na sikuchechemea siku hiyo, nilijikaza.

Fundisho langu ni dogo. Mlio wageni hapa, msichonge ngazi kwenye mti wa watu kabla ya kuuliza wenyewe wanapandaje. Na ukishaanguka, usikae ukililia mguu mpya. Tafuta kamba. Mwenye nayo huenda yuko karibu, anakungoja useme ukweli tu.

Nilicho nacho leo ni hiki. Kampuni ndogo ya kutunza mitende, Al Quoz, mimi na mwana wa mzee yule. Vijana wanaopanda, wote kwa kamba. Pikapu moja, imelipwa. Nyumba ya mawe Kilifi, na kibanda cha makuti nyuma yake, kina watu. Mke yule yule. Mguu mmoja mrefu na mmoja mfupi. Minazi ya babu, yote imesimama. Na kamba ya kwanza aliyonisukia mzee. Hiyo imechakaa, haipandi tena, na haiuzwi.