Mzee Uzi Anaondoka, na Rula Imebaki Kwangu

Baada ya miaka thelathini na miwili na miezi minne ya kupima magurudumu, mpimaji mkuu wa karakana yetu ya kuunda mabasi, ambaye sote tunamwita Mzee Uzi, anastaafu Ijumaa hii, tarehe 30 Juni. Mhariri wa jarida letu la kazini ameniomba niandike kwa furaha. Nitajaribu, ila sijiamini sana.

Aliajiriwa kufagia stoo. Miaka miwili baadaye alikuwa akivuta uzi kandokando ya tairi, toka nyuma hadi mbele, na kupima kwa rula ya chuma kama magurudumu ya mbele yanaangalia mbele kweli au yamegeuka kidogo, na kama yamesimama wima au yamelala. Vipimo hivyo ndivyo sisi wa ofisi ya usanifu tunavyoviingiza kwenye kompyuta, ili basi likimbie katika modeli kabla halijakimbia barabarani.

Basi tupu halikumridhisha hata siku moja. Alipakia magunia ya mchanga, gunia moja kila kiti, akapima upya, maana springi zikibonyea pembe zote hubadilika. Tulimtania kwamba abiria wake ndio pekee wasiolalamika.

Hata likizo hakuijua. Siku ya harusi ya binti yake alilala chali chini ya gari la maharusi, na suti yake mpya mwilini, kwa kuwa tairi la mbele lilikuwa limelika upande wa ndani. Mkewe hajamsamehe ile suti. Mkwewe naye, mpaka leo, hukagua tairi kwanza ndipo aende ukweni.

Kosa kubwa la miaka yetu pamoja ni langu, na bora niliseme hapa. Kwa Mzee Uzi, alama ya kujumlisha maana yake gurudumu linaangalia ndani, liwe la kushoto au la kulia. Kwa kompyuta yetu, alama hiyohiyo maana yake gurudumu linaangalia kushoto, yote mawili. Miaka minne iliyopita nilinakili namba zake kama zilivyo, bila kugeuza alama ya gurudumu la kushoto. Alitazama karatasi yangu dakika tano, akasema basi hilo linakwenda kando kama kaa. Nikamweleza, kwa upole wa mtu aliyesoma, kwamba kompyuta haikosei. Tulirekebisha basi halisi kufuata modeli, na matairi yake mawili ya mbele yakaisha ndani ya wiki tatu. Hakunisema kwa mtu yeyote.

Badala yake alijitolea kunifundisha kila Jumatano baada ya chakula cha mchana. Kwa miaka minne nilikwenda mara mbili. Sikuzote nilikuwa na ripoti ya kumaliza, na yeye nilimwona kama ukuta wa karakana, kitu kitakachokuwepo tu. Najuta, na majuto hayanifundishi kupima.

Mwaka jana macho yake yalianza kufifia, nikawa namsomea rula. Aliweka kidole gumba kwenye uzi, akanisikiliza, kisha akasema, “Soma tena, mwanangu.” Nikisoma tena, nakuta nimekosea milimita moja au mbili. Hakuwahi kuniambia hivyo bure.

Ombi letu la kumwongezea hata miezi sita lilijibiwa na uongozi kwa mstari mmoja: mashine mpya ya kupimia magurudumu inatosha. Mashine tunayo, inang'aa. Imefungwa kwenye chumba ambacho magunia ya mchanga hayaruhusiwi kuingia, eti yatachafua sakafu.

Alhamisi iliyopita Mzee Uzi alikuwa kliniki ya macho, nami nikapima basi jipya la viti sitini na viwili peke yangu, na mchanga wake wote. Nilipima mara tatu, nikapata majibu matatu. Jumatatu lazima niingize moja na kutia sahihi.

Mzee wetu, ahsante kwa kila basi lililofika salama na abiria wasijue kwa nini. Tunakuombea macho yapone, upumzike na mama watoto, na asiwepo mtu wa kukuonyesha tairi. Sisi tutabaki na uzi wako kwenye msumari wake. Jumatatu nitasoma rula, na hakuna atakayeniambia nisome tena.