Mzee Hodi Anaaga Chumba cha Kunakili

Ko, ko. Kidole kilichokunjwa kinagonga kifuniko cha diski mara mbili, kimya kidogo, ndipo waya unachomekwa. Nilipoanza kazi hapa niliketi nimempa mgongo, na kabla sijaizoea sura yake nilikuwa nimeshauzoea mlio huo.

Anayegonga ni fundi wetu wa kompyuta. Nusu ya jengo hili hawalijui jina lake, wanamwita Mzee Hodi. Baada ya miaka thelathini na mmoja katika hifadhi yetu ya sauti, anastaafu tarehe thelathini mwezi huu.

Alianza enzi za kanda, wakati mkasi na gundi vilikuwa vifaa vya kazi. Kompyuta zilipoingia, wenzake kadhaa waliomba uhamisho. Yeye aliomba kiti chenye mgongo mzuri, akisema ugomvi huu utakuwa mrefu. Mfumo tunaotumia mpaka leo kunakili sauti ambazo watu hutuletea kutoka nyumbani kwao, yeye ndiye aliyeujenga.

Wanaojiunga nasi huuliza jina hilo la Hodi limetoka wapi. Wakimuuliza mwenyewe, huwatuma wakalete chai. Kwa idhini yake, nalieleza hapa.

Diski nyingi zinazoletwa na wateja hazibebi kumbukumbu yoyote ya nani mwenye faili na nani aruhusiwe kuzigusa. Ukiichomeka, kompyuta huifungua yenyewe, na kwa kuwa haikuti maelekezo, huzipa faili zote ruhusa ilizopangiwa tangu mwanzo. Zamani mashine yetu kubwa, ambayo sote tunaitumia kwa pamoja, ilikuwa imepangiwa hivi: kila mtu asome, kila mtu aandike, kila mtu afute. Hakuna aliyechagua iwe hivyo. Ilikuja hivyo, tukaiacha hivyo.

Siku moja mama mmoja, fundi cherehani wa mtaa wa nyuma, alileta diski yenye sauti ya binti yake, aliyefariki akiwa bado shuleni. Mzee aliichomeka, akaanza kunakili. Kwenye kiti cha pili, mwenzetu mmoja akawasha programu ya usafi, ambayo Mzee mwenyewe aliitengeneza na kujivunia, ya kufuta faili zilizokwisha kunakiliwa. Programu ile ilikuta mlango wazi. Ikaona majina ya faili upande wetu, ikadhani kazi imekwisha, ikafuta kule zilikotoka. Kwetu yalikuwa yamefika majina tu.

Alihangaika na diski ile wiki nzima. Alichookoa ni kicheko, kifupi kuliko muda wa kufunga kifungo cha shati. Hakumtuma mtu, alikipeleka mwenyewe mpaka dukani kwa yule fundi cherehani. Yule mama alisikiliza, akarudia, akaweka pini zake mezani. Kisha akamuuliza, bila kupandisha sauti, "Baba, hiyo mashine yenu iliingia kwa mwanangu bila hata hodi?"

Kesho yake Mzee alibadilisha ruhusa za kuanzia. Tangu hapo, diski yoyote inayojifungua kwenye mashine zetu hufunguka kwa aliyeichomeka peke yake, tena kwa kusoma tu. Anayetaka kuandika au kufuta lazima aombe, kwa mkono wake, akijua anachoomba. Na tangu hapo yeye hagusi diski ya mtu kabla hajaigonga.

Tulimtania sana, nasi tulikuwa na haraka zetu. "Mzee, hata flashi ya harusi ya shemeji yangu niombe ruhusa?" Alijibu, "Omba tu, mwanangu, ruhusa ni bure. Shemeji ndiye ghali." Mhasibu wetu aliwahi kugonga mlango wa jokofu la ofisi mbele yake, na Mzee akaitikia "karibu" kwa sauti nene kutoka mezani kwake. Tulicheka mpaka tukaegemea ukuta. Katika miaka yote hiyo hatujapoteza tena sauti ya mtu.

Lakini masikio yake yamekwenda. Ilianza kwa kumwomba mtu arudie. Siku hizi hutazama mawimbi ya sauti kwenye skrini, na huweka kiganja juu ya diski kujua kama inazunguka. Nilimuuliza kama bado anausikia ule mlio wake. Akasema anausikia mfupani, inatosha. Niliinamia kibodi yangu nisije nikaonekana uso.

Mwezi huu zimeletwa mashine mpya, zikiwa na mpangilio wa kiwandani: milango wazi kwa wote. Mkuu wa kitengo alisema kikaoni tuziache hivyo hivyo, kwa kuwa foleni ya wateja ni ndefu, hayo mengine tutaangalia baadaye. Mzee alikuwa ameketi mwisho wa meza. Sijui alisikia kiasi gani. Alitazama mikono yake tu.

Mzee wetu, ahsante kwa subira yako, kwa chai uliyotutuma, na kwa kutokutuficha siku yako mbaya kuliko zote. Nenda ukapumzike, na nyumba yako isikose mtu wa kubisha. Kiti chako chenye mgongo mzuri hatujui tumpe nani.

Jana mchana niliziwekea mashine zote mpya ruhusa zako, kwa jina langu. Mkuu wa kitengo nimemweleza asubuhi hii, uso kwa uso, asije akayasoma hapa kwanza. Kisha akaja mteja na diski. Niliigonga mara mbili, nikaichomeka.