Shangazi na Gesi ya Kisimani

Tarehe 30 Juni, Shangazi, kama sote kazini tunavyomwita, anastaafu baada ya miaka thelathini na mitatu katika maabara yetu ya gesi. Ameomba wasifu huu usimpambe. "Kama huandiki habari za kile kisima, usiandike kitu," aliniambia, na wanaomjua wanajua mjadala uliishia hapo.

Alianza kwa kuosha chupa za sampuli. Miaka minne baadaye alikabidhiwa mashine ya kupimia isotopu za kaboni, akaipa jina la Mkwe, kwa kuwa haigombezwi wala haiharakishwi. Wageni wote aliwaeleza kwa maneno yaleyale: kuna kaboni nyepesi na kaboni nzito. Vijidudu vya matopeni hupendelea nyepesi, na gesi yao huwa nyepesi. Gesi iliyopikwa na joto kali lililo chini sana ardhini huwa na nzito zaidi. Kwa macho huwezi kuzitofautisha. Kwa Mkwe utazijua.

Katika mwaka wake wa kumi na moja, kisima cha mtaa ulio nyuma ya kiwanda cha sabuni kilianza kutoa mapovu. Wenye bomba la gesi walisema ni matope tu, maana hakukuwa na ile harufu inayotiwa kwenye gesi yao. Mkwe alikataa. Ilikuwa gesi ya kina kirefu, sawasawa na ya bombani. Udongo ulikuwa umeinyonya harufu. Bomba lilikuwa linavuja.

Shangazi alipeleka majibu kwa mkuu wa wakati ule. "Tusiwatie watu kiwewe kwa sampuli moja," mkuu akasema. "Ngoja ya pili."

Akangoja. Siku ya sita, jirani wa kisima, mume wa mama mfua nguo, aliwasha jiko achemshe maji. Jiko na ukuta vilirushwa hadi barabarani. Alizikwa kesho yake.

Mkuu alihamishwa. Shangazi hakulaumiwa na yeyote, akajilaumu mwenyewe. Alikwenda kwa mjane akamwambia, "Nilijua tangu Jumatatu." Mjane akaendelea kuanua nguo. Siku hizi husalimiana.

Toka hapo, majibu ya hatari hayakulala maabara. Aliyapeleka mwenyewe, kwa miguu, nyumba hadi nyumba, kabla ya sahihi ya mtu yeyote. Alipata barua mbili za onyo. Mitaa mitatu ilihamishwa mapema, hakuna aliyeumia. Tulipompongeza, alisema, "Hao hawamrudishi yule."

Nafasi yake haitajazwa. Kuanzia Julai sampuli zitapelekwa mji mwingine, na majibu yatachukua wiki tatu. Barua ya uamuzi huo aliisoma kwa kusimama, akaikunja, akaenda kumfuta Mkwe vumbi.

Asante, Shangazi, kwa kila mlango uliopigia hodi. Tunakuombea afya na utulivu wa moyo. Huo wa pili tunajua umekukwepa muda mrefu.